Nyumba ikianguka, nani alipe? Somo la New Zealand kwa Kagera

Septemba 10, 2026 inatimia miaka 10 tangu ardhi itikisike Kagera. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu 17, likajeruhi mamia na kuangusha nyumba zaidi ya 2,000 huko Bukoba, Missenyi na wilaya za jirani. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaongoza waombolezaji katika Uwanja wa Kaitaba.

Yaliyofuata yalizua maneno kuliko tetemeko lenyewe. Serikali iliitisha harambee, wafanyabiashara na mabalozi wakachanga, Uganda na Kenya nazo zikaleta mkono wa pole. Kabla mwezi haujaisha, watendaji wawili wa ngazi ya mkoa na manispaa walitenguliwa kwa tuhuma za kufungua akaunti ya benki yenye jina linalofanana na ile ya kamati ya maafa. Kisha Januari 2017 Rais John Magufuli akafika Bukoba na kuwaeleza wananchi kuwa tetemeko halikuletwa na serikali. Fedha zilizopatikana zingerudisha shule, vituo vya afya na miundombinu ya umma. Nyumba ya mtu binafsi, ajenge mwenyewe. Wapinzani wakahoji: michango iliyotolewa kwa jina la waathirika inakwendaje kwingine, na waathirika wenyewe wanalala kwenye mahema?

Hoja ile ya Rais iliwaumiza wengi, lakini haikuwa ya ajabu. Serikali nyingi duniani zimewahi kuisema, kwa lugha laini au kali. Nchi iliyobishana nayo kwa muda mrefu kuliko zote pengine ni New Zealand, ambako mwenye nyumba amekuwa akilipia kinga ya tetemeko kwa serikali tangu mwaka 1945. Historia yake inafaa kusomwa Bukoba, na inafaa zaidi kusomwa Dodoma.

Mfuko wa kinga hiyo ulizaliwa kwa bahati. Tetemeko la Napier la Februari 1931 liliua watu 256, na moto uliolifuata ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Wengi waligundua kuwa bima zao za moto hazikugusa hasara iliyoletwa na tetemeko. Kwa miaka kadhaa hakuna kikubwa kilichofanyika. Ikaja Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1941, kwa hofu ya mabomu, serikali ikatunga sheria ya kuwatoza wenye majengo waliokata bima ya moto, fedha ziwekwe akiba ya fidia ya uharibifu wa vita.

Mabomu hayakuja. Lililokuja ni tetemeko. Juni 1942, na tena Agosti mwaka huohuo, eneo la Wairarapa na jiji la Wellington vilitikiswa vibaya. Mabomba ya moshi ya nyumba yalianguka kwa maelfu. Miaka miwili baadaye majengo mengi yalikuwa bado yamesimama na nyufa zake, kwa sababu wenyewe hawakuwa na bima wala fedha. Serikali ilitazama upande mmoja ikaona watu wasio na uwezo wa kukarabati, ikatazama upande wa pili ikaona mfuko uliojaa fedha za vita ambayo haikufika ufukweni kwao. Mwaka 1944 Bunge likaunganisha mambo hayo mawili katika sheria moja ya Tume ya Tetemeko na Uharibifu wa Vita, iliyoanza kazi Januari 1, 1945.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila aliyekata bima ya moto alilipa nyongeza ya shilingi moja kwa kila pauni 100 za thamani aliyoikatia bima. Kampuni ya bima ilikusanya, tume ya serikali ikatunza, na fedha zikipungua hazina ya taifa ilibanwa na sheria kujazia. Walipobadili fedha kwenda dola, shilingi ile ikawa senti tano kwa kila dola 100, na kiwango hicho hakikuguswa hadi mwaka 2012. Kwa miaka 67 wenye nyumba walilipa kiwango kilekile cha babu zao.

Mwaka 1993 sheria ikaandikwa upya: majengo ya biashara yakaondolewa, nyumba za kuishi zikabaki, na ukomo ukawekwa kwamba tume ingelipa hadi dola 100,000 kwa nyumba, inayozidi hapo ikawa ya kampuni binafsi. Mbali na hayo miaka ilipita kimya, mfuko ukanenepa hadi karibu dola bilioni sita za kwao.

Ukimya huo ulivunjwa Christchurch. Septemba 2010 mji ulitikiswa, na Februari 22, 2011 ukatikiswa tena, safari hii watu 185 wakafa. Tume ilipokea madai zaidi ya 400,000. Mfuko uliojengwa kwa vizazi ukakauka. Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na Dame Silvia Cartwright, aliyewahi kuwa Gavana Mkuu wa nchi hiyo, ilitolewa mwaka 2020 na haikuwaonea watawala haya. Inaeleza chombo ambacho hakikuwa kimejiandaa kwa maafa ya ukubwa ule, ukarabati uliorudiwa kwa sababu wa kwanza ulikuwa mbovu, na familia zilizozungushwa kwa miaka kati ya tume na kampuni zao za bima huku zikibishana nyumba ni ya kukarabati au kubomoa. Ripoti inasisitiza kuwa walioumia walihitaji kuhudumiwa kama watu waliofikwa na msiba, na badala yake wengi walijiona wamegeuzwa mafaili.

Hata hivyo, hao walau walikuwa na madai. Ugomvi mkubwa uliwahusu waliokuwa hawana.

Katikati ya mwaka 2011 serikali ya Waziri Mkuu John Key ilitangaza kuwa baadhi ya vitongoji vya Christchurch vimeharibika ardhi kiasi kwamba kujenga upya si busara. Vikaitwa ukanda mwekundu. Wenye nyumba zenye bima walipewa ofa ya kununuliwa kwa thamani kamili iliyokadiriwa mwaka 2007, kabla ya maafa, na maelfu wakauza wakaondoka. Wasio na bima waliambiwa wasubiri. Ofa yao ilipokuja mwaka 2012 ilikuwa nusu ya thamani ya kiwanja, na nyumba haikuhesabiwa hata senti.

Waziri aliyesimamia ujenzi wa mji, Gerry Brownlee, na serikali yake walijenga hoja ambayo si rahisi kuipuuza. Ukimlipa asiyekata bima sawa na aliyekata, umemdhulumu aliyejinyima kulipa miaka yote, na kesho hakuna atakayelipa. Jirani anayetunza risiti zake na jirani asiyejali hawawezi kutoka na kikombe kimoja.

Kundi la wenye ardhi 46 likajiita watengwa wa tetemeko, likaenda mahakamani. Humo ndimo sura ya asiye na bima ilipoonekana vizuri. Si wote walikuwa wazembe. Wapo ambao bima yao iliisha muda bila wao kutambua. Wapo waliokuwa na viwanja vitupu, ambavyo nchini humo havikatiwi bima hata mtu akitaka. Na wote walikabiliwa na jambo moja: serikali ikishanunua nyumba za majirani na mtaa ukahamwa, huduma za maji, barabara na majitaka zitadumishwa kwa ajili ya nani? Kubaki ilikuwa haki yao kwenye karatasi tu.

Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 2013. Serikali ikakata rufaa. Machi 2015 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, iliona kuwa kukosa bima lilikuwa jambo la kuzingatiwa lakini halikustahili kuwa ndilo la kuamua kila kitu, na uamuzi wa kuwapa nusu haukufanywa kwa kufuata sheria. Serikali ikapandisha ofa: viwanja vitupu thamani kamili, nyumba zisizo na bima asilimia 80 ya ardhi, nyumba yenyewe bado sifuri. Wakarudi mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikawasikiliza tena. Hatimaye mwaka 2018 serikali iliyokuwa imeingia madarakani ikakubali kuwalipa. Miaka saba ilikuwa imepita tangu maafa, na baadhi walikuwa wamezeeka wakisubiri.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Serikali ya New Zealand ilijaribu kukwepa mlo huo, ikaishia kuula ukiwa umepoa, pamoja na gharama za mawakili.

Kabla hatujafikia hukumu, ni haki kutaja nchi mbili nyingine. Marekani ilianzisha bima ya mafuriko ya serikali mwaka 1968, baada ya kampuni binafsi kuikimbia biashara hiyo. Bei ilipangwa chini ya hatari halisi, watu wakaendelea kujenga kando ya mito na bahari, na baada ya kimbunga Katrina cha 2005 mpango ukazama kwenye madeni. Mwaka 2017 Bunge lilifuta dola bilioni 16 za deni hilo, na bado zaidi ya bilioni 20 zilibaki. Uturuki, baada ya tetemeko la 1999, ilifanya bima ya tetemeko kuwa lazima kwa nyumba za mijini, na baadaye ikaifunga kwenye huduma: huunganishiwi umeme wala maji bila kuonyesha cheti cha bima. Tetemeko la Februari 2023 lilipokuja, nyumba nyingi zilikuwa bado hazina bima, na serikali iliahidi kuwajengea watu hata hivyo.

Kwetu historia ya bima ya nyumba ni fupi. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, likahodhi soko lote baada ya Azimio la Arusha, na soko likafunguliwa tena kwa sheria ya 1996. Sheria ya Fedha ya 2022 ikafanya bima kuwa lazima kwa majengo ya biashara, masoko ya umma, bidhaa zinazoingizwa nchini na vyombo vya majini. Nyumba ya kuishi ikaachwa nje. Mwenye mkopo wa benki atalazimishwa na benki yake. Mwalimu mstaafu wa Kashai, Bukoba, au mkulima wa Missenyi hana wa kumlazimisha wala wa kumsaidia. Majirani zetu Kenya walianza mwaka 2015 kuwalipia wafugaji wa Turkana na Wajir ada ya bima ya mifugo, ili ukame ukizidi walipwe kabla ng'ombe hawajafa. Kama ng'ombe anaweza kulipiwa na serikali, nyumba haishindikani.

Badala ya utaratibu tuna huruma. Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliua watu zaidi ya 80 Hanang, mkoani Manyara, na serikali, kwa kushirikiana na wadau, ikawajengea waliopoteza makazi nyumba 109. Ilifanya vema, na walionufaika walistahili. Lakini Mtanzania wa Bukoba aliambiwa ajenge mwenyewe, na wa Hanang akajengewa. Sheria haikusema kitu katika kesi zote mbili. Kilichotofautisha ni nani alikuwa Ikulu na moyo wake ulielekea wapi siku hiyo.

Njia ya kukusanya mchango tayari tunayo. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Inakaribia njia ya Uturuki, maana nayo imefungwa kwenye umeme, na imeshazoeleka. Sehemu ndogo ya fedha hiyo ikitengwa katika mfuko wa maafa wa nyumba, ukomo wa malipo ukawekwa wazi, hasara inayozidi uwezo wa mfuko ikakingwa kwa bima mtawanyo, yaani bima ya bima, nje ya nchi, na serikali ikawalipia wenye nyumba za tope zisizofikiwa na umeme, tutakuwa na haki iliyoandikwa. Masharti nayo yawepo: anayejenga leo ndani ya bonde la mafuriko la Msimbazi, Dar es Salaam, baada ya kukatazwa asitegemee mfuko huo, tusije tukarithi deni la Wamarekani. Na mfuko uwe na watu wa kuhudumia madai kabla ya maafa, kwa sababu Christchurch ilikuwa na fedha na bado watu waliteseka.

Magufuli alikuwa sahihi kwamba serikali haileti tetemeko. Lakini serikali ina haki ya kumwambia mwananchi ajenge mwenyewe pale tu ilipokuwa imemwekea mapema mahali pa kuweka akiba yake na yeye akakataa. Bukoba hawakuwahi kuwekewa mahali hapo, na miaka 10 baadaye bado hapapo. Wabunge wa Kagera na wa Manyara wanaokwenda Dodoma wana hoja binafsi iliyo tayari kuandikwa. Waipeleke kabla ardhi haijatikisika tena.