NASABA YA NABII ISA (A.S.): TUSIICHEKE KABLA YA KUIELEWA

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya darsa la Isha kijana mmoja alinionyesha ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya simu. Unasema Yesu wa Wakristo ana babu wawili, basi wachague mmoja. Chini yake watu wanacheka. Akaniuliza: "Maalim, hoja hii si imewamaliza?" Pembeni yetu alikaa ndugu yetu aliyesilimu miaka michache iliyopita, ambaye mama yake mzazi bado anakwenda kanisani kila Jumapili. Akainamisha kichwa. Nikamwambia kijana: kaa kitako, kwanza tuisome hiyo nasaba.

Ni kweli ziko mbili. Injili ya Mathayo inafungua kwa nasaba: inashuka kutoka kwa Ibrahim hadi Daud, ikapitia kwa Suleiman na wafalme, mpaka kwa Yusufu mume wa Maryam. Injili ya Luka imeiweka sura ya 3, nayo inapanda kutoka kwa Yusufu kurudi nyuma mpaka kwa Adam, ikipitia kwa Nathani, mtoto mwingine wa Daud. Baba wa Yusufu kwa Mathayo ni Yakobo, kwa Luka ni Eli.

Je, Wakristo hawakuliona hili? Waliliona zamani sana. Katika karne ya 3 mwanachuoni wao Julius Africanus aliandika barua kulieleza, na Eusebius, askofu wa Kaisaria, akaihifadhi katika kitabu chake cha historia ya kanisa. Jibu lake ni hili: Yakobo na Eli walikuwa ndugu wa mama mmoja. Eli akafa bila mtoto, Yakobo akamrithi mjane, akazaliwa Yusufu. Kwa damu ni wa Yakobo, kwa sheria ni wa Eli. Sheria hiyo, ili jina la marehemu lisipotee, imo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25. Wengine baadaye wakasema nasaba ya Luka ni ya upande wa Maryam. Unaweza usiridhike na majibu haya, na hata miongoni mwao wapo wasioridhika. Lakini usiseme hawakuwahi kuulizana.

Sasa swali kubwa: kwa nini waliihitaji nasaba? Kwa Bani Israil nasaba ilikuwa hati. Kitabu cha Ezra sura ya 2 kinaeleza kwamba waliporudi kutoka Babeli, wapo waliodai ukuhani, yakatafutwa majina yao katika orodha za nasaba yasionekane, wakatolewa. Watu wa namna hiyo ukiwaambia Masihi amekuja, swali lao la kwanza ni: je, ni wa nyumba ya Daud? Mathayo anajibu swali hilo. Amepanga vizazi makundi matatu ya kumi na vinne. Waliosoma hesabu ya abjad chuoni watanielewa: jina la Daud kwa Kiebrania ni dal, waw, dal, yaani 4, 6 na 4, jumla 14. Wanachuoni wengi wao wanaona hiyo ndiyo siri ya mpango wake. Na amewaruka wafalme watatu, Ahazia, Yoashi na Amazia, ambao wamo katika Mambo ya Nyakati. Maana yake orodha ile haikuandikwa kama cheti cha kuzaliwa. Ni hoja ya urithi. Luka naye anafika kwa Adam, kuonyesha kwamba jambo hili ni la wanadamu wote.

Tena Mathayo amewataja wanawake, jambo lisilo la kawaida katika nasaba za wakati ule. Yumo Ruthu, mwanamke wa Moabu, mgeni. Yumo Rahabu wa Yeriko. Kwa Wakristo hilo ni funzo kwamba rehema ya Mungu haiangalii ukoo.

Na shikeni hili: Wakristo nao hawasemi Yusufu ndiye aliyemzaa. Mathayo anamwita mume wa Maryam, na Luka anasema watu walidhani hivyo tu. Kwa hiyo ule ujumbe wa simu unawapiga watu mahali ambapo hawajasimama. Tofauti yetu nao ni kubwa, nayo ni tauhidi. Tujadiliane hapo, kwa uadilifu, kama tulivyoamrishwa katika Surat Al-Maida aya ya 8.

Sisi Qur'ani inamwita Isa bin Maryam, basi. Lakini katika Surat Al-An'am, aya ya 84 na 85, Allah Anamtaja katika dhuria wa manabii. Inapokewa kwamba Hajjaj, gavana wa Bani Umayya kule Iraq, alimtaka Yahya bin Ya'mar alete dalili ya Qur'ani kwamba Hasan na Husein ni dhuria wa Mtume (s.a.w.), ilhali ni watoto wa binti yake. Yahya akamsomea aya hizo, akamuuliza: Isa si ameingia katika dhuria, naye hana baba? Hajjaj akanyamaza, akakubali.

Mmeona? Huku pwani kwetu tunao masharifu, tunawaheshimu, na nasaba yao inapita kwa Bibi Fatma (r.a.). Dalili yake imesimama juu ya nasaba ya Isa kwa mama yake. Anayeicheka anakata tawi alilolikalia.

Na tujiangalie. Tunawacheka majirani kwa orodha ya majina, kisha kijana mcha Mungu akija kuposa tunamuuliza: "Wewe ni wa ukoo gani?" tukamrudisha. Mtume (s.a.w.) alimwambia Fatma mwenyewe kwamba hatamfaa kitu mbele ya Allah asipofanya amali. Basi mimi na wewe ni nani?

Kijana aliufuta ule ujumbe. Kisha akamgeukia ndugu yetu, akamwambia: "Nisamehe, nisalimie mama." Darsa la usiku ule lilikuwa hilo.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.