Kitenzi-jina: umbo la ku- na njia panda ya Kiingereza

Kitenzi-jina ni umbo la kitenzi linaloanza kwa ku- au kw- na kukaa katika sentensi mahali pa nomino: kulima, kubeba, kwenda. Katika hesabu ya wanaisimu wa lugha za Kibantu ni ngeli ya 15. Umbo hili moja linafanya kazi ambayo Kiingereza kimeigawa mara mbili. Upande mmoja ipo jerandi, yaani kitenzi chenye -ing kinachotumika kama nomino. Upande wa pili ipo infinitivu, yaani kitenzi kinachotanguliwa na to. Hapo ndipo yanapozaliwa makosa ambayo kila mwalimu wa Kiingereza Afrika Mashariki anayajua: "He enjoys to read", "They finished to eat", "I look forward to see you". Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mwanafunzi anakosea kwa kuwa lugha yake ina umbo moja tu, na dawa anayopewa ni orodha ndefu ya vitenzi vya kukariri. Maelezo hayo yana ukweli nusu. Umbo ni moja, lakini maana ambazo Kiingereza kinazitenga, Kiswahili nacho kinazitenga, ila kinafanya hivyo kwa viambishi vingine vilivyo karibu na ku-. Mwanafunzi anayeijua lugha yake vizuri amebeba tayari sehemu kubwa ya kanuni anayodhani hana.

Tabora ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Mji huu wa Unyanyembe, ambao wapelelezi Burton na Speke waliufikia Novemba 1857 na kuuandika kwa jina la Kazeh, ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo. Hapa njia iligawanyika: moja iliendelea magharibi hadi Ujiji, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kiswahili kilifika bara kwa miguu ya watu hao hao, wafanyabiashara wa pwani pamoja na wapagazi Wanyamwezi waliobeba pembe na vitambaa mabegani. Mnyamwezi hakupata shida na ku- ya Kiswahili kwa sababu lugha yake inayo. Kulima ni kulima kote kuwili, na kiishio cha -e cha kueleza matakwa kipo pia kote kuwili. Shida ilikuja na lugha ya tatu. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walifungua Tabora shule ya wavulana ambayo ilipata kuwa mashuhuri nchini. Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937. Baada ya Makerere alirudi mji huo huo kufundisha katika shule ya Wakatoliki ya St. Mary's, na mwaka 1963 tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ilichapishwa. Mfasiri wa namna hiyo hawezi kuvuka hata ukurasa mmoja bila kuamua kama to iliyo mbele yake ni ku- au ni -e. Uamuzi huo ndio kiini cha makala hii.

Kwanza tuikubali hoja ya umbo moja pale inapostahili. Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870, aliliweka umbo la ku- miongoni mwa ngeli za nomino, na hakukosea. Husemwa "kubeba kwao kulikuwa kwa zamu", na kivumishi, kimilikishi na kitenzi vyote hufuata upatanisho wa ku-. Lakini nomino hii ya nje ni kitenzi ndani. Inakubali kiambishi cha mtendwa, kama katika kuzibeba pembe. Inakubali kikanushi, kutobeba. Inakubali kielezi, kubeba polepole. Jerandi ya Kiingereza ina tabia hiyo hiyo ya popo, si ndege si mnyama: katika "carrying the ivory slowly", carrying ni nomino kwa jirani zake wa nje na kitenzi kwa jirani zake wa ndani. Tena Kiswahili hakiitegemei ku- peke yake kutaja matendo. Chukua ukoo mmoja wa maneno ya njia hii: safari, msafara, msafiri, usafiri, usafirishaji, kusafiri. Msemaji huchagua safari akitaja tukio zima lenye mwanzo na mwisho, usafiri akitaja huduma au shughuli kwa jumla, na kusafiri akitaka tendo lenyewe, lenye mtu ndani yake na mguu barabarani. Mtu anayechagua hivyo kila siku bila kufikiri hawezi kuambiwa kwamba lugha yake haijui tofauti ya tendo na jina la tendo.

Sasa tuje kwenye ushahidi wenyewe. Tuchukue sentensi za msafara, kirangozi akiwa kiongozi wake na hongo ikiwa ushuru wa njia. "Kirangozi alitaka kupumzika", "aliamua kupumzika", "alipanga kupumzika": kote ku- inaweza kuondolewa na mahali pake pakaingia -e, kirangozi alitaka apumzike, aliamua apumzike. "Aliahidi kulipa hongo", "alitumaini kufika Ujiji": hapa inaingia -ta-, aliahidi kwamba atalipa, alitumaini kwamba atafika. Kiswahili kinatuambia kwamba tendo bado liko mbele, halijatendeka. Vitenzi hivyo vyote, want, decide, plan, promise, hope, vinadai to. Hata mtendaji akibadilika mambo ni yale yale: "nataka uende" ni "I want you to go". Ukigeukia upande wa pili, "mpagazi alikana kuiba ushanga" haiwi kamwe "alikana aibe". Inakuwa "alikana kwamba aliiba". "Alikiri kuiba" ni "alikiri kwamba aliiba", na "anajuta kuondoka Bagamoyo" ni "anajuta kwamba aliondoka". Kiambishi kinachoingia ni -li-, na Kiingereza hapo kinataka -ing: deny stealing, admit stealing, regret leaving. Limebaki kundi la tatu, ambalo halipokei -e, -ta- wala -li-: "walimaliza kula", "waliepuka kupita Ugogo", "wanafurahia kuimba". Hapa tendo lipo tu kama kitu, na dalili yake ni kwamba nomino ya kawaida inaweza kukaa mahali pake bila shida: walimaliza chakula, waliepuka hongo, wanafurahia ngoma. Kundi hili nalo ni la -ing. Kwa maneno machache, ku- inayoweza kugeuka -e au -ta- ni to, na ku- inayogeuka -li- au nomino ni -ing.

Mgawanyo huu haukubuniwa kwa ajili ya kumsaidia Mswahili. Mwaka 1968 mwanaisimu Dwight Bolinger alieleza kwamba infinitivu ya Kiingereza hutazama jambo linalodhaniwa tu na jerandi hutazama jambo lililo dhahiri. Miaka miwili baadaye Paul na Carol Kiparsky, katika makala yao iitwayo "Fact", walionyesha kuwa vitenzi vinavyochukulia jambo kuwa ni la kweli hupatana na jerandi. Historia ya maumbo yenyewe inaelekea huko. To ya infinitivu ilianza kama neno la mwelekeo, ndugu wa to iliyo katika "to Ujiji". -Ing ilianza kama kiishio cha kuunda nomino kutokana na vitenzi, kisha ikajiongezea tabia za kitenzi. Anayekwenda yuko njiani bado. Kilichopewa jina kiko mkononi. Mfano unaofundisha kuliko yote ni kitenzi stop. "The porters stopped to rest" na "the porters stopped resting" zinatofautiana kama mapumziko na mwendo. Kiswahili hakiruhusu mkanganyiko huo hata kidogo, kwa kuwa kinabadilisha kitenzi kizima: wapagazi walisimama kupumzika (au walisimama wapumzike) upande mmoja, wapagazi waliacha kupumzika upande wa pili. Mwanafunzi anayetafsiri stop kwa "acha" kila mahali amekosea kabla hajafika kwenye -ing, na orodha yake ya kukariri haitamwokoa.

Pingamizi zipo, na baadhi ni za haki. Kuna vitenzi vinavyokataa -e katika Kiswahili sanifu na bado Kiingereza kinavipa to: "alishindwa kufika" ni "failed to arrive", "alijifunza kusoma" ni "learned to read". Hapa kipimo cha kiambishi kinanyamaza, ingawa maana haijanyamaza. Anayejifunza kusoma hajasoma bado, na aliyeshindwa kufika hakufika kabisa. Upande wa pili wako waasi wa kweli. "Alipendekeza twende" ina -e safi kabisa, lakini suggest inakataa to na kudai -ing, au sentensi kamili yenye that. Consider nayo ni hivyo hivyo. Vitenzi hivi vinabidi vikaririwe, hakuna njia ya mkato. Lakini hebu tuhesabu hasara na faida: orodha ya vitabuni ina makumi ya vitenzi visivyo na mpangilio wowote wa maana, na kipimo kinaacha vichache tu vya kukariri. Vingine, kama begin na start, vinapokea maumbo yote mawili, kwa hiyo havimdhuru mtu. Pingamizi jingine linasema mwalimu wa Kiingereza asiguse Kiswahili darasani, la sivyo mwanafunzi atazidi kutafsiri neno kwa neno. Ni pingamizi linalosahau mpangilio wa elimu ya Tanzania. Katika shule nyingi za serikali mtoto husoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha katika sekondari anaambiwa afikiri kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza. Atatafsiri tu, akikatazwa au asikatazwe. Kosa la "enjoys to read" ni tafsiri iliyofanywa gizani, ku- ikifanywa to kila inapoonekana, kwa sababu kamusi zimezoea kuandika hivyo: soma, to read. Afadhali tafsiri hiyo ifanywe mchana, mwanafunzi akijua ni ku- ipi anayoishika.

Linabaki kosa la barua, "I look forward to see you", ambalo huonekana kuivunja hoja yote: natazamia kukuona ni jambo la mbele kabisa, iweje litake seeing? Jibu liko katika jirani wa kitenzi. Kiswahili husema kabla ya kula, bila kulipa, kwa kubeba, katika kusafiri, na huko kote ku- ni nomino tupu. -E haiwezi kuingia baada ya "kabla ya" wala baada ya "kwa" ya namna hii. Kiingereza nacho baada ya before, without, by na in kinataka -ing bila ubaguzi wa wakati, iwe jambo limepita au linakuja. Ndiyo maana "alifaulu kufika" ina sura mbili za Kiingereza zisizochanganyika: "managed to arrive", lakini "succeeded in arriving". To ya "look forward to" ni ya ukoo huo wa in na by. Ipime kwa kuweka nomino mbele yake: "we look forward to the journey" inasimama sawasawa, wakati "we want to the journey" inaanguka. Palipo na nafasi ya journey pana nafasi ya seeing, na barua inayomalizika kwa "to see you" imekosewa.