Mitaa ya Mji Mkongwe na Milango Yetu Mitatu



Katibu alitwambia tuandike historia. Ya sanduku na makufuli yake matatu, hisa na mikopo, mtaisoma kurasa nyingine. Hapa tunataka kulijibu lile suala ambalo hata leo twaulizwa kisimani na harusini: kwa nini mwaka 2021 hatukugawana pesa zote, tukatia fungu moja katika ile milango mitatu ya maduka iliyoachwa kando ya barabara? Wenzetu wanne walitoka kwa jambo hilo. Hatuwalaumu, pesa zilikuwa zao na zilikuwa na kazi. Lakini jawabu yake haikuanzia hapa Makangale, ilianzia Unguja.

Mwaka 2019 tulikwenda Unguja watu saba kuuza mafuta ya nazi na mikeka. Tulifikia kwa wifi wa mwenzetu mmoja, anayekaa ghorofani katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe. Usiku mvua ikanyesha, sote tukaamka kutega ndoo. Yule wifi akacheka, akasema ndoo hizo anazitega tangu alipokuwa mwari.

Basi tukauliza, na watu wazima wa mtaa wakatueleza. Nyumba zile nyingi zilijengwa karne ya 19, kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Pesa zake, nyingi zilitokana na karafuu, maana yake zilitoka kwetu Pemba pia, tusisahau. Nyumba ya namna hiyo yataka mtu wa kuiangalia. Dari ikivuja isizibwe, maji huingia ukutani, chokaa ikalegea, boriti ikaoza pale kichwa chake kilipolala ndani ya ukuta, mpaka siku moja sakafu inashuka chini na vitu vyake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka. Nyumba nyingi zikawa za Serikali, zikatiwa watu kutoka Ng'ambo na mashamba. Kwa familia zile ilikuwa neema, na kodi ilikuwa ndogo. Ila kodi ndogo hainunui chokaa. Mpangaji hatengenezi kisichokuwa chake, na mwenye daftari la kodi halali chini ya dari ile. Pesa za ujenzi nazo zilikwenda kwenye majumba mapya ya Michenzani, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Wete, Chake Chake na Mkoani nako yakajengwa, tunayaona mpaka leo.

Huku chini madukani mambo yalikuwa hayohayo. Miaka ya 1970 bidhaa zilikuwa mikononi mwa Serikali, chakula kwa foleni, mwenye duka hana cha kuuza akafunga mlango. Mzee mmoja akatwambia neno tulilorudi nalo: duka la chini likifungwa, hakuna tena wa kuzibua mlizamu wala wa kuona ufa ungali mdogo. Hapo tukatazamana, maana kila mmoja aliikumbuka milango yetu ya Makangale.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na sheria yake ikaja 1994. Miaka hiyohiyo ya 1980 biashara ililegezwa, nguo na mchele vikarudi, na Darajani ikachangamka. Watu wa Aga Khan waliitengeneza ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan, na baadaye bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya 2009, wauza pweza na mishikaki wakarudi na biashara zao. Mwaka 2000 UNESCO iliutia mji katika Urithi wa Dunia.

Lakini msidhani yote ni sukari. Nyumba nyingi zimekuwa hoteli. Ukipita Hurumzi na Gizenga ni vinyago na vitambaa vya watalii mlango hadi mlango. Sukari robo uifuate Darajani. Wenyeji wengi wamehamia nje ya mji. Mtaa umepona, wenyewe hawamo!

Tulikuwa tumesharudi Pemba ilipofika habari ya tarehe 25 Disemba 2020. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883 na Sultani Barghash, imeporomoka upande mmoja ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wamefariki. Jumba kubwa vile, na lilikuwa limefungwa miaka. Mkutano uliofuata ndio tulioamua.

Mwenye milango yetu alihamia Mombasa zamani. Watoto wake walitukubalia kwa maandishi mbele ya sheha: tutengeneze, tutumie, kodi tukatane na gharama. Kosa la kwanza tulilifanya wenyewe. Tulipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa, na ule wifi alishatuonya. Mwaka haukuisha lipu ikabanduka, pesa za wanachama zikalala chini. Tukarudia kwa chokaa.

Leo mlango wa kwanza ni unga, mchele na mafuta, wa pili vyerehani. Katika kila kodi fungu moja hubaki sandukuni kwa matengenezo, haligawiwi. Mwaka jana alikuja mtu akitaka yote mitatu kwa duka la vinyago, kwa kuwa wageni wapitao kwenda Vumawimbi ni wengi. Kodi aliyoitaja ilikuwa nzuri kweli, na mkutano uligombana mpaka magharibi. Tulipopiga kura tulikataa kwa kura mbili tu, na wengine hawajaridhika.

Mlango wa tatu ungali unavuja upande wa kibla. Bati limeshanunuliwa, twangoja masika yapite.