Fimbo Nyeusi

Kama umewahi kusimama kando ya meza ya puli jioni, muziki umefunguliwa mpaka mwisho na watu wamebandika hela zao kwenye kona kungoja zamu, basi unamjua yule jamaa anayekuja na fimbo yake mwenyewe ndani ya mfuko. Anafungua zipu polepole. Anaunganisha vipande viwili bila kusema neno, na meza nzima inanyamaza kumwangalia. Mimi nilitaka kuwa yule jamaa.

Siku moja akatokea mtu kijiweni kwetu na fimbo nyeusi tii. "Mpingo huo, mshikaji. Mpingo halisi wa kusini." Nikatoa shilingi 60,000, ambazo, niseme ukweli, zilikuwa ada ya kozi ya kompyuta na wala si za fimbo.

Kesho yake nikaipeleka Mwenge kwa mjomba wangu, mchonga vinyago. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, umetubebea nini leo?" Akaipima mkononi kama mtu anayepima samaki feri. Uso haukubadilika. Akang'oa kile kipande cha mpira cha kitakoni, akachukua msasa, akasugua mara tatu nne. Weusi ukahamia kwenye msasa, na chini yake ukatokea mti wa rangi ya ugali wa dona. "Mjomba," akaniambia taratibu, "umenunua rangi."

Hasira zile ndizo zilizonipeleka vitabuni. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba fimbo nzuri lazima iwe nyeusi.

Mchezo wenyewe haukuanza na fimbo kama tunazozijua. Zamani huko Ulaya mipira ilisukumwa kwa kitu kama rungu lenye kichwa bapa. Mpira ukiganda ukutani mwa meza, lile kichwa lilikuwa haliingii, hivyo wachezaji wakawa wanaligeuza na kugonga kwa mkia wake. Mkia kwa Kifaransa ni "queue", na hapo ndipo Waingereza walipopata jina la fimbo yao. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa mmoja, Kapteni François Mingaud, akasifika kwa kutia ngozi kwenye ncha, na tangu hapo mpira ukaanza kutii: kurudi nyuma, kupinda, kusimama. Miti nayo ilikuwa ya kawaida tu ya kwao.

Mipira sasa, hiyo ilikuwa na habari nyingine. Ilichongwa kwa meno ya tembo, na pembe nyingi za karne ile zilipita Unguja kwenda Ulaya na Marekani. Mwaka 1863 ikatangazwa zawadi ya dola 10,000 New York kwa atakayepata kitu mbadala wa pembe, na John Wesley Hyatt akaja na seluloidi mwishoni mwa muongo huo. Yaani mchezo huu ulitugusa sisi mapema mno, kabla hata meza moja haijafika mtaani kwetu.

Turudi kwenye mti. Sehemu ya mbele ya fimbo ya puli, ile inayogonga, kwa desturi ni mepo, mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Ni mweupe, mgumu, umenyooka. Mti mzito huwekwa nyuma, kwenye mshiko, ili uzito ukae mkononi. Fimbo nzima huwa na kama gramu 510 mpaka 600 hivi, kwa hiyo fundi hana nafasi ya kujaza mti mzito anavyotaka. Alichofanya fundi wa zamani ni kuchonga meno marefu na kuingiza mti mweusi ndani ya mweupe, kama vidole vya mikono miwili vinavyofumbatana. Hiyo ni kazi, jamani. Ukiitazama vizuri unaweza kusahau kucheza.

Fundi aliyesifika kuliko wote ni George Balabushka, mzaliwa wa Urusi mwaka 1912, aliyehamia Marekani akiwa mtoto na kuanza kutengeneza fimbo mwaka 1959. Alifariki 1975. Walioona filamu ya The Color of Money ya 1986 wanakumbuka jinsi Tom Cruise anavyopewa Balabushka kama vile anapewa upanga wa mfalme. Basi fimbo inayoonekana pale si ya Balabushka. Ilitengenezwa na Joss, ikaigizwa kuwa yake. Niliposoma hayo nilijisikia nafuu kidogo: kumbe sikudanganywa peke yangu.

Kisha nikakutana na jambo lililonikalisha kitako. Mafundi wengi wa siku hizi, wakitaka mshiko mweusi mtupu, hutoboa ule mti mweusi na kupitisha ndani kiini cha mepo, ili fimbo isizidi uzito na isijipinde. Kwa hiyo hata ile ya dola elfu kadhaa, ndani ni nyeupe. Tofauti na yangu ni kwamba ngozi yake ni mti wa kweli.

Mti gani lakini? Kamusi zetu zinasema "ebony" ni mpingo, na wazee wa pwani walikuwa pia na neno abunusi kutoka Kiarabu. Wenye fimbo wakisema ebony, mara nyingi wanamaanisha Diospyros crassiflora wa misitu ya Kameruni na Gabon. Mpingo wetu ni Dalbergia melanoxylon, wa jamii ya mikunde, ndugu wa mbali wa maharage. Wapo mafundi wanaoutumia kwenye fimbo, ila kwa nje mpingo unajulikana zaidi kwa klarineti na obo.

Huko Kameruni mwaka 2011 kampuni ya magitaa ya Taylor ilinunua kiwanda cha kupasulia mbao pamoja na wenzao wa Hispania. Walichokikuta ni hiki: wakata miti walikuwa wanaangusha takriban miti kumi ili kupata mmoja ulio mweusi mtupu ndani. Ile tisa yenye michirizi iliachwa ioze porini, kwa sababu hakuna aliyeinunua. Mti huwezi kujua weusi wake mpaka uuangushe. Na ule wenye michirizi una ugumu uleule na unalia vilevile. Kosa lake ni rangi tu.

Nikamsimulia mjomba. Nilidhani atashangaa. Akacheka, kicheko kisicho na furaha sana. Akanikumbusha kwamba barakoa za mapiko za Wamakonde huchongwa kwa mti mwepesi, si mpingo. Ni wanunuzi wa kigeni waliotaka vinyago vyeusi, na biashara ikakua Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1950, mchongaji akafuata mpingo kwa sababu mpingo ndio uliolipwa. "Na ulipokosekana," akasema bila kunitazama, "tulipaka kiwi. Kiwi ya viatu. Mimi mwenyewe nimepaka." Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimekuja na hasira zangu zote kwa yule jamaa wa kijiweni.

Siku hizi mpingo anaoununua una karatasi. Sheria ya Misitu ya 2002 iliwapa wanakijiji nafasi ya kumiliki msitu wao, na mwaka 2009 misitu ya vijiji huko Kilwa ikapata cheti cha FSC, kwamba miti inakatwa kwa hesabu na kijiji kinalipwa. Tangu Januari 2017 ukoo mzima wa Dalbergia umo kwenye orodha ya CITES inayosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mjomba analalamika bei. Halafu analalamika kwamba miaka yote ile wakati bei ilipokuwa rahisi, wenye msitu hawakupata kitu. Analalamikia yote mawili siku hiyohiyo, na mimi namwelewa.

Kabla sijaondoka alinipa kipande cha mpingo chenye ukubwa wa kidole gumba, upande mmoja mweusi, upande mwingine bado una ule weupe wa njano wa nje. Nikakitia kwenye ndoo yake ya maji. Kikazama papo hapo, na weupe wake wote.

Fimbo ninayo bado. Pale aliposugua sijapaka kitu. Jamaa wakiniuliza ni mti gani, nawaonyesha kitako, tunacheka, halafu nawafunga.