Kusakinisha, Kuondoa na Utu

Unapoandika amri moja fupi na programu nzima ikajisakinisha katika kompyuta yako, huenda usijiulize kazi hiyo ilirahisishwa vipi. Historia yake yafaa kujulikana, kwa kuwa ndani yake limo swali la uraia: ni nani mwenye haki ya kukiondoa kitu ambacho wengine wanakitegemea?

Mwezi Agosti 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, alitangaza mradi wa Debian. Zama hizo, aliyetaka programu mara nyingi alilazimika kuiunda kutokana na msimbo wake, kisha kuzisaka mwenyewe programu nyingine zilizohitajiwa nayo. Debian ilizifunga programu katika vifurushi. Chombo chake, dpkg, kiliweka orodha ya kila faili iliyoingia, ili siku ya kuondoa ijulikane zipi ni za kifurushi kipi. Lakini dpkg ilipokosa kifurushi kinachotegemewa, ilikitaja jina tu; kukitafuta kulibaki juu ya mtumiaji.

Taabu hiyo ilipunguzwa na APT, iliyoingia katika Debian 2.1 mwaka 1999. Yenyewe ilivileta vifurushi vyote vilivyohitajika kutoka ghalani na kuvisakinisha kwa mpangilio. Mwaka 2007, Debian 4.0 iliongeza uhakiki wa saini, ili kifurushi kilichoghushiwa njiani kitambulikane.

Bara letu nalo limo katika historia hii. Mwaka 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alizindua Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian. Neno hilo la Kizulu na Kixhosa ni ndugu wa neno letu utu: shina lao ni -ntu, letu ni -tu.

Utu huo ulipimwa kwingineko Machi 2016. Mwandishi mmoja wa programu, baada ya mzozo kuhusu jina la kifurushi chake kingine, aliondoa katika ghala la npm kifurushi kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu. Papo hapo, miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa. Kazi ilikuwa yake, na hakuiba cha mtu. Walioumia, hata hivyo, hawakuwa na ugomvi naye. Wasimamizi walikirudisha siku ile ile, kisha wakaweka kanuni kwamba kifurushi kilichozidi saa 24 ghalani kisingeondolewa kabla ya kuangaliwa kama wengine walikitegemea.

Naona kanuni hiyo ilikuwa ya haki. Haikumnyang'anya mtunzi kazi yake. Ilimtaka awakumbuke waliojenga juu yake. Nawe, APT inapokuonyesha orodha ya vitakavyoondolewa na kukuuliza kama uendelee, isome yote kabla ya kujibu ndiyo.