Maji Mara Moja, Safari ya Maisha Yote: Historia ya Ubatizo Tulioupokea



Wapendwa, kamati ya Jubilii ilipotuomba sisi wanakwaya wa zamani tuandike historia, wengi walitarajia tuanze na majoho ya kwanza na kinanda tulichonunua kwa harambee. Hayo yako katika kurasa nyingine. Sisi tumeamua kuanza na maji, kwa sababu tuna deni la jibu.

Miaka kadhaa iliyopita, dada yetu mmoja wa sauti ya kwanza alihamia mji mwingine kikazi. Kanisa alilopata huko lilimwambia kwamba ubatizo wake wa utotoni si kitu, na kwamba ni lazima azamishwe ndipo ahesabiwe Mkristo. Alipokuja likizo alituuliza mazoezini: "Kwa hiyo miaka yote niliyoimba hapa, nilikuwa sijabatizwa?" Hakuna aliyemjibu. Tulikohoa, tukafungua vitabu, tukaendelea na wimbo. Kimya kile kimetuuma hadi leo.

Tuanze mwanzo. Wakristo wa kwanza walibatiza kwa sababu Bwana aliwaagiza, kama Mathayo 28 inavyosimulia. Katika Matendo 8, Mwafrika, afisa wa malkia wa Waethiopia, alishuka majini kando ya barabara ya jangwani. Katika Matendo 16, askari wa gereza la Filipi alibatizwa usiku ule ule pamoja na watu wote wa nyumbani kwake. Ndugu zetu wanaobatiza watu wazima tu huutazama ubatizo wa yule Mwethiopia. Sisi tunaobatiza na watoto huitazama nyumba ile ya Filipi. Wote tunasoma kitabu kimoja.

Na maji je, yawe mengi kiasi gani? Kuna kijitabu cha kale sana cha mafundisho ya kanisa kiitwacho Didake. Kinaagiza watu wabatizwe katika maji yanayotiririka. Yasipopatikana, maji mengine yatumike. Yakikosekana yote mawili, mtu amiminiwe maji kichwani mara tatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Basi tangu zamani zile kanisa halikumfungia mtu mlango kwa uchache wa maji.

Swali la dada yetu nalo si geni, na liliulizwa kwa uchungu hapa hapa Afrika. Katika karne ya 4 na ya 5, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliitwa Wadonati waliwabatiza upya waliotoka makanisa mengine, wakisema kwamba viongozi wa huko walikuwa wamechafuka. Agostino, askofu wa Hippo katika nchi tuiitayo leo Aljeria, aliwajibu kwamba ubatizo si mali ya anayebatiza. Ni wa Kristo. Mhudumu akiwa dhaifu, Kristo hadhoofiki.

Pwani yetu wenyewe ina mafunzo mawili. La kwanza ni la huzuni. Yusuf bin Hassan, mwana wa Sultani, alipelekwa Goa na Wareno baada ya baba yake kuuawa. Huko alibatizwa, akaitwa Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme chini yao. Mwaka 1631 aliwaasi, akaiteka Ngome ya Yesu na kuukana Ukristo. Wakristo wengi wa Mombasa, Wareno na Waafrika, waliokataa kuikana imani waliuawa. Ubatizo ulikuwa mmoja. Kwa mfalme ulikuja pamoja na kamba za siasa. Kwa wale wengine ulikuwa ahadi waliyoishika hata kufa.

Funzo la pili linatoka Rabai. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miezi michache tu baadaye akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walihamia Rabai. Walihubiri, wakafundisha, wakangoja. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu, mwaka 1851, akiwa karibu kufa. Hakupata nafasi ya kuimba katika kwaya yoyote, wala kuhudhuria ibada nyingi. Lakini hakuna anayethubutu kusema kwamba ubatizo wake ulikuwa nusu.

Baada yake wakaja mzee Abe Gunja na mwanawe Nyondo, wakapewa majina ya Abraham na Isaac. Rebmann alipokuwa amepofuka, akarejea Ulaya mwaka 1875, ni Isaac Nyondo aliyefuatana naye safarini. Aliyefundishwa sasa alimwongoza mwalimu wake. Mwaka huo huo Frere Town ilianzishwa karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Tukifikiria watu walionyang'anywa jamaa na nyumbani kwao, tunaelewa kwa nini kanisa huwapa wabatizwa wasimamizi. Anayetoka majini hukabidhiwa ndugu.

Mwaka 1982, huko Lima, Peru, wajumbe kutoka makanisa ya mapokeo mengi walikubaliana katika andiko kuhusu ubatizo, ekaristi na huduma kwamba ubatizo haurudiwi. Hawakumaliza tofauti zote kuhusu umri na maji. Hata hivyo, kwetu sisi, kurudia ni kana kwamba Mungu alisahau neno lake la kwanza.

Basi dada yetu, popote uisomapo karatasi hii, jibu letu lililochelewa ni hili: ulikuwa umebatizwa. Siku ile hukujua lolote, lakini wazazi na wasimamizi walikuahidia, na ulipokua uliitikia mwenyewe kwa kinywa chako siku ya kipaimara. Kilichobaki si maji mengine. Ni kuuishi ubatizo ule, jambo ambalo sisi nasi bado tunajifunza. Hatuwadharau waliokuambia vinginevyo, ila tunaungama kwamba tulikuacha peke yako na swali zito.

Jumapili ya Jubilii, kabla ya wimbo wa kwanza, kasisi atatuongoza kufanya upya ahadi zetu za ubatizo. Nafasi yako katika safu ya mbele tumeiacha wazi. Njoo usimame nasi.

Mungu awabariki nyote.