Koti Juu ya Kanzu: Historia Fupi ya Suti Unguja

Ijumaa mchana, watu wanapotoka msikitini Mji Mkongwe, utawaona wazee kwa vijana wamevaa kanzu nyeupe, kofia ya kiua kichwani, na juu ya kanzu wametupia koti. Jumatatu asubuhi koti lilelile utalikuta Vuga, safari hii liko juu ya shati na tai, na chini kuna suruali ya rangi moja nalo. Mgeni anaweza kudhani hayo ni mavazi ya watu wawili. Sisi wa hapa tunajua kuwa ni koti moja la mtu mmoja, na mara nyingi ndilo pekee alilonalo.

Nimekuwa nikilifikiria sana koti hili kwa sababu naona vijana wengi wanaomaliza masomo wanalazimika kulitafuta. Usaili wa kazi unataka suti. Mahafali yanataka suti. Harusi ndiyo usiseme: bwana harusi ataozeshwa na kanzu na joho, lakini usiku wa ukumbini watu wanamtarajia aingie na suti. Vijana wanauliza bei na rangi. Mimi swali langu lilikuwa la nyuma zaidi: hii suti ilifikaje kwetu, na mtu wa kipato kidogo aliipataje?

Jibu linaanza kabla ya suti yenyewe. Unguja ya karne ya 19 mtu alitambuliwa kwa nguo yake. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameeleza kwa kirefu jinsi mavazi yalivyotenganisha mwungwana na mtumwa. Mtumwa alijifunga kipande cha merikani au kaniki, kichwa wazi, miguu mitupu. Kofia, viatu na kanzu nzuri vilikuwa vya wenye uhuru. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na hukumu ya utumwa wenyewe ikafutwa mwaka 1897. Baada ya hapo, moja ya mambo ya mwanzo waliyoyafanya waliokuwa watumwa ni kubadilisha nguo. Wanaume wakavaa kanzu na kofia, wanawake wakaingia kwenye kanga na baadaye buibui. Hakuna sheria iliyowapa heshima, basi wakainunua kwa yadi.

Na hiyo merikani jina lake linasema ilikotoka. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, akaanza kazi Unguja. Meli za mji wa Salem, Massachusetts, zilileta pamba nyeupe isiyotiwa rangi na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Kitambaa kile kilienda bara hadi kikawa kama fedha, mtu analipa ushuru wa njia kwa merikani na kununua chakula kwa merikani.

Mwaka 1861 Wamarekani wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Pamba ikaadimika, merikani ikapungua Unguja, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata mwanya. Huku kwetu vita ile tunaikumbuka, kama tunaikumbuka, kwa kitambaa kilichokosekana. Huko kwao ilifanya jambo jingine. Jeshi lilihitaji sare nyingi kwa haraka na haikuwezekana kumpima kila askari. Viwanda vikashona kwa saizi, na vipimo vya miili ya askari vikaonyesha kuwa vifua na viuno vya wanaume vinafuata mpangilio unaojirudia. Duka la Brooks Brothers la New York lilikuwa linauza suti zilizokwisha kushonwa tangu 1849, lakini ni baada ya vita ndipo biashara ya nguo za saizi ilipokua hasa. Kwa hiyo vita ileile iliyotupunguzia merikani iliharakisha namba ile unayoikuta leo ndani ya kola ya koti la Darajani.

Lakini suti haikuja kwetu kwa namba. Ilikuja kwa fundi. Chini ya Waingereza, Wagoa walikuja Unguja wakawa makarani, wapishi, wanamuziki, wapiga picha na mafundi cherehani. Mtaa wa Gizenga tunaoupita kila siku zamani uliitwa Portuguese Street, kwa sababu ya Wagoa hao na maduka yao. Afisa Mwingereza alishonewa suti yake nyeupe ya drili. Karani wa serikali naye akataka, na mwalimu wa skuli naye akataka. Kushonesha suti kulikuwa na hatua zake: unachagua kitambaa, unapimwa, unarudi kujaribu ikiwa bado imeshikizwa kwa uzi mweupe, halafu unasubiri. Mtu alikuwa na suti moja na aliivaa miaka.

Hapa ndipo Unguja ilipofanya jambo ambalo mimi naliona ni la akili sana. Watu wengi hawakuichukua suti yote. Walichukua nusu, yaani koti, wakaliweka juu ya kanzu. Mtindo huo haukuwa wetu peke yetu, maana pwani nzima wanaujua na Buganda kanzu na koti ndiyo vazi la heshima mpaka leo. Lakini tazama maana yake. Mtu hakulazimika kuchagua kati ya msikiti na ofisi, wala kati ya kuwa Mswahili na kuwa mtu wa kisasa. Tena alilipa nusu ya gharama.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliigeuza hesabu hiyo. Nguo ikawa siasa waziwazi. Wagoa wengi na Wahindi wengi waliondoka, na mafundi wakaondoka nao. Bidhaa za nje zikaadimika. Serikali ya Mzee Karume iliwafuata vijana kwa nywele ndefu, sketi fupi na suruali pana za bugaluu, na vijana wa Afro-Shirazi Party walikuwa barabarani kuhakikisha. Bara nako, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana iliyoanza Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Suti ya Kizungu haikupigwa marufuku, lakini kiongozi wa mfano alikuwa Mwalimu Nyerere na vazi lake lisilo na tai, na kando yake suti ya Kaunda, koti la mikono mifupi na suruali ya kitambaa hichohicho. Ilivalika kwenye joto na fundi yeyote wa mtaani aliiweza. Ubishi wenyewe haujaisha. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni, wakati Rais wao mwenyewe alikuwa anaipenda.

Mlango ulifunguka mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar na kuruhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa. Mwaka uliofuata akawa Rais wa Muungano, na jina la Mzee Rukhsa likamganda. Wazee wa Darajani ukiwauliza kuhusu miaka ile watakwambia habari za nguo kabla ya habari za siasa. Watu wa bara walivuka bahari kuja kununua mashati na viatu. Safari za Dubai zikaanza, baadaye Guangzhou. Na belo za mitumba zikaingia, ndani yake suti za sufi nzito za wanaume wa Ulaya, zenye bitana za hariri na majina ya maduka ambayo hatukuyajua. Mtu mwenye jicho alipata koti bora kuliko la dukani kwa bei ndogo, akalivumilia joto lake.

Mitumba nayo ikawa vita ya wakubwa. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni kufikia 2019 ili kulinda viwanda. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru wa AGOA. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye nafuu hiyo. Nchi ile iliyotuletea merikani kwa mashua ilikuwa bado inasema neno juu ya tunachovaa.

Yote hayo yalinijia kichwani mwaka juzi, nilipomsindikiza mpwa wangu Darajani na Mlandege kutafuta suti. Alikuwa ameitwa usaili wa kazi ya hoteli na alitaka kuazima ya rafiki yake. Mama yake akakataa katakata. Nguo ya kuazima haisitiri matako, alisema, na hakutaka kujadiliana zaidi.

Duka la tatu ndilo lililotufaa. Muuzaji, mtu mzima mwenye futi shingoni, alimtazama kijana mara moja akasema, "Wewe arubaini na nane."

"Mimi navaa thalathini na nane," mpwa wangu akasema.

"Ndiyo hiyohiyo. Hii ya Ulaya, toa kumi."

Nilipenda jibu lile kwa sababu limebeba historia yote. Namba ya Ulaya ni nusu ya kifua kwa sentimita, ya Marekani na Uingereza ni kifua kwa inchi, na tofauti yao inaangukia kumi. Kijana akavaa, akajitazama, akaanza kuuliza habari za rangi.

"Yakhe, usitazame rangi, tazama mabega," muuzaji akamwambia. "Mkono fundi atakupunguzia. Kiuno atakubana. Suruali atapinda. Bega likianguka, fundi atalifanya nini?"

Halafu mpwa wangu akaniuliza mimi, "Mjomba, hii nikivaa na kanzu itakaa?" Akaichukua kanzu kwenye duka la jirani kwa ruhusa ya mwenyewe, akaipachika ndani, akavaa koti juu. Ikakaa. Akaiacha ya buluu yenye kung'aa aliyokuwa ameipenda, akachukua ya kijivu cha kukoza, isiyogombana na kitu chochote. Suti ilitoka dukani moja kwa moja hadi kwa fundi uchochoroni, ambaye aliikata mikono na kuipinda suruali jioni hiyohiyo.

Kuna watu wanasema suti za bei nafuu zimewaua mafundi. Nimeliangalia hilo na naona ukweli wake ni nusu. Fundi wa kushona suti nzima kweli amekuwa adimu, na pamoja naye umepotea ujuzi wa kuweka kitambaa cha ndani kwa mkono badala ya gundi. Koti la gundi ukilifua vibaya au ukilipiga pasi ya moto sana, kifua chake kinafanya malengelenge. Lakini kiwanda kinashona kwa ajili ya mtu wa wastani, na mtu wa wastani haishi mtaani kwetu. Kila suti ya dukani inamaliziwa na fundi wa hapa, ama sivyo haivaliki.

Linalonisumbua zaidi ni gharama ya kuonekana. Mtumwa aliyeachwa huru mwaka 1897 alinunua kanzu ili asirudishwe alikotoka. Kijana wa leo ananunua suti ya poliesta, kwenye unyevu wa bahari, ili apewe nafasi ya kusikilizwa kwa dakika 20 na mtu aliyekaa chini ya kiyoyozi. Wote wawili wanalipa kabla hawajapata kitu. Picha za zamani za studio zinaonyesha jambo hilohilo. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa hapa mwaka 1930, na studio nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa na koti na tai za kuwaazima wateja. Tunawaona babu zetu wamesimama wima, na hatujui koti ni la nani.

Ndiyo maana simcheki kijana anayehesabu fedha zake mara mbili mbele ya duka la Mlandege, wala simwambii kuwa suti ni utumwa wa mawazo. Waliomtangulia walilichukua koti la watu wakalifanyia kazi yao, na suruali wakaiacha mpaka walipoihitaji. Ninachomwambia ni hiki: nunua moja, iwe ya rangi tulivu, mabega yakukae, na ujaribu na kanzu kabla hujalipa. Ofisi inaweza kukukataa. Ijumaa utaivaa tu.